Korongo linazidi kupanda kilima: tafuta kwanza maji yanakoingilia

Kila masika yakianza, swali la wakulima ni lile lile: korongo lililochimbwa na maji shambani lilikuwa chini ya mwembe, sasa limeupita, tumejaza magogo, matawi na taka za nyumbani, mvua kubwa ya kwanza imezoa vyote, tufanyeje? Kabla ya kujibu, ningependa muulizaji aliache shimo kwanza, apande juu yake atazame. Shimo ni matokeo. Chanzo kinaweza kuwa barabara iliyo mita 300 juu ya shamba, au maji yanayopita ardhini bila kuonekana, au mchanga unaochotwa bondeni kila siku. Njia zote tatu huzaa korongo lenye kuta za wima, ila tiba zake ni tofauti. Na tiba ya moja ikipelekwa kwa nyingine huharibu. Mkulima anaweza kumaliza kiangazi kizima akichimba mtaro ambao ndio utakaoliangusha shamba lake.

Kwa nini kuta zinasimama wima

Kwenye vilima vya nchi za joto, mwamba umeoza kwa maelfu na maelfu ya miaka. Juu kabisa kuna udongo mwekundu wenye mfinyanzi na chuma, ulioshikana vizuri. Ukiwa mkavu unasimama wima bila kuanguka. Chini yake, mara nyingi kwa mita nyingi, kuna mwamba uliooza. Rangi yake ni ya waridi, njano au nyeupe, na bado una mistari ya jiwe la zamani, lakini ukiuminya kwa vidole unavunjika kuwa unga na chenga. Tabaka la juu ndilo ngao. Likitobolewa, iwe kwa jembe, kwato, gurudumu au maji yenyewe, mvua inakuta kitu laini kisicho na mizizi wala mfinyanzi wa kutosha.

Basi chini kunaliwa haraka kuliko juu. Tabaka jekundu linabaki likining'inia, linalowa, linakuwa zito, linapasuka nyuma na kukatika pande zima. Pande likishaanguka linaacha ukuta mpya ulio wima vile vile, mita moja au mbili ndani zaidi ya shamba. Mvua inayofuata inabeba kifusi na kuanza tena kuchimba chini. Ndiyo maana korongo hukua kuelekea juu ya kilima ingawa maji yanashuka.

Simama siku moja mbele ya ukuta wa namna hii uutazame kwa karibu, uso ukiwa umbali wa mkono. Utaona mizizi ya majani imekomea kama sentimita 40 au 60 kutoka juu. Chini yake kuna mstari ambapo rangi inabadilika, na mara nyingi papo hapo kwenye mstari pana unyevu, au safu ya vitundu vidogo. Mstari huo una habari nyingi kuliko korongo zima.

Madagaska, katika nyanda za juu za kati, makorongo ya aina hii huitwa lavaka: tumbo pana juu, mdomo mwembamba chini, kuta nyekundu. Mengi yake hukaa katikati ya mteremko bila mtaro wowote unaoyaingia kutoka juu, na mchanga wake hushuka hadi kwenye mashamba ya mpunga yanayozunguka ziwa Alaotra. Hilo peke yake linatosha kuonesha kwamba si kila korongo limechimbwa na maji yanayotiririka juu ya ardhi.

Uchunguzi wa kwanza

Nenda mara tatu. Nenda mvua ikinyesha, ukisimama mbali na ukingo. Nenda siku inayofuata. Kisha nenda tena baada ya wiki nzima ya jua. Pigilia vigingi kadhaa juu ya kichwa cha korongo, yaani ncha yake ya juu, cha kwanza mita 2 kutoka ukingoni, kingine mita 4, kingine 6, ili mvua zikipita ujue limekula kiasi gani. Macho hudanganya sana, vigingi havidanganyi. Kisha linganisha ulichokiona na dalili zifuatazo.

Dalili: kuna kidimbwi chini ya kichwa, na majani yaliyolala juu ya ukingo

Hili ndilo la kawaida, na ndilo rahisi kuliko yote ukiwahi. Maji yanafika juu ya ardhi, yanaruka ukingo, yanaanguka na kuchimba kidimbwi mguuni mwa ukuta. Kidimbwi kinaula ukuta kwa chini, ukuta unaanguka.

Watu wengi hawaamini wingi wa maji haya, kwa hiyo tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya mm 50, ambayo masika haishangazi mtu, inaangusha zaidi ya lita 200,000 kwenye ekari moja. Nusu ikitiririka badala ya kuzama, ni sawa na matanki 20 ya lita 5,000 yaliyomwagwa kwa mkupuo. Barabara ya vumbi yenye upana wa mita 6 na urefu wa kilomita 1 hupokea lita 300,000 kwa mvua hiyo hiyo, na barabara iliyoshindiliwa hainywi karibu chochote. Yote yakielekezwa kwenye kalvati moja linalotazama shamba lako, korongo ni suala la muda tu.

Fuata maji kwenda juu hadi yanapoanza. Wahusika wa kawaida ni mtaro wa barabara, njia ya ng'ombe au ya miguu iliyonyooka kushuka kilima, matuta yaliyolimwa kufuata mteremko, ua wa shule au kanisa wenye mabati mengi bila gata wala tanki, na malisho yaliyochungwa hadi ardhi ikawa ngumu na uchi. Usiridhike na mhusika wa kwanza utakayemwona. Mara nyingi ni wawili wanaokutana mahali pamoja.

Tiba inaanzia huko. Mtaro wa barabara ugawanywe uwe na michepuko mingi midogo, kila mmoja ukimwaga maji machache penye majani, badala ya mmoja kumwaga yote. Kwa barabara za vijijini Tanzania hilo ni la kupeleka kwa serikali ya kijiji na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ni vizuri kwenda na picha zilizopigwa mvua ikinyesha. Njia ya mifugo izungushwe. Matuta yapinde kufuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja kuzunguka kilima.

Juu ya kichwa cha korongo weka kinga maji, yaani mtaro wa kukata maji na kuyapeleka pembeni. Lichimbwe mbali na ukingo, mita 10 na zaidi ikiwezekana, wala lisiwe sawasawa kabisa: literemke kidogo, sentimita 5 hadi 10 kwa kila mita 10. Kamba ya mita 10, vijiti viwili vyenye alama na pima maji ndogo ya kuning'iniza vinatosha kwa kazi hiyo. Likiteremka zaidi ya hapo litajichimba lenyewe na utakuwa na makorongo mawili. Halafu jiulize swali ambalo linasahaulika kila mara: maji haya yanaishia wapi? Yaishie kwenye mwamba, kwenye msitu, au kwenye mkondo mpana uliopandwa majani mwaka mmoja kabla. Yakiishia kwa jirani, umemhamishia korongo, na ugomvi wake hautaisha.

Shamba lililo juu likishapata fanya juu, yaani mtaro unaochimbwa kwa kontua na udongo wake kutupwa upande wa juu, maji hupungua sana. Ukambani nchini Kenya, hasa Machakos, vilima vizima vimegeuka ngazi kwa kazi hiyo, mara nyingi kwa mikono ya vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi. Wamatengo wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, wana ngoro zao: majani yaliyofyekwa hupangwa kwa miraba, hufunikwa kwa udongo, na katikati hubaki shimo la kushika maji. Hizi ni mbinu za kuzamisha maji ardhini, na mahali pake zinastahili heshima kubwa. Lakini soma dalili inayofuata kabla hujaiga.

Dalili: ukuta unalia maji wiki nzima baada ya mvua kukatika, au una matundu

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika.

Ukirudi baada ya siku saba za jua ukakuta mguu wa ukuta umelowa, au chemchemi ndogo inachuruzika na kutandaza mchanga laini, au matundu ya ukubwa wa kidole hadi ndoo kwenye ule mstari wa rangi, basi korongo linalishwa kutoka ndani. Maji yanazama juu ya kilima, yanateremka hadi kwenye tabaka yasipoweza kupenya, kisha yanatembea pembeni. Yakitokea ukutani yanatoka na chembe za udongo, kidogo kidogo, mpaka ukuta unakosa cha kuukalia. Ishara nyingine ni shimo la ghafla katikati ya shamba, mita kadhaa nyuma ya ukingo, ambalo asubuhi moja limefunguka bila mtu kulichimba. Huo ni mfereji wa chini kwa chini ambao paa lake limeanguka.

Mtu akichimba mtaro wa kushika maji juu ya korongo la aina hii, anaongeza maji pale pale yanapofanyia uharibifu. Hata kinga maji la kupeleka pembeni lina hatari likichimbwa kwenye udongo wenye matundu, kwa sababu linakata ngao na kuyapa maji mlango mpya. Kwenye miteremko mikali hatari ni ya mteremko mzima kuporomoka. Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru mkoani Morogoro, mwezi Februari 1970 mvua ya karibu mm 100 ilinyesha kwa chini ya saa 3, na maporomoko zaidi ya 1,000 yakatokea. Karibu yote yalikuwa kwenye mashamba na maeneo ya majani. Penye msitu yalikuwa machache mno, kwa sababu mizizi mirefu ilifunga udongo wa juu na wa chini pamoja. Katika milima hiyo hiyo, mwaka 1955, Waluguru waligoma kuchimba matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni. Ngazi zilikuwa zinafukua udongo wa chini usiozaa kwenye miteremko isiyofaa kwa kazi hiyo, na wakulima walilijua hilo kabla ya wataalamu.

Fanya jaribio hili dogo. Chukua bonge kavu la udongo kutoka tabaka la chini la ukuta, ukubwa wa punje ya kunde, uliweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua. Usikoroge. Bonge likivunjika na kulala chini huku maji yakibaki safi, udongo huo ni dhaifu lakini chembe zake bado zina mshikamano. Wingu likianza kulizunguka bonge na kutanda glasi nzima ndani ya saa chache, una udongo wenye sodiamu nyingi, ambao maji matupu huuyeyusha bila hata kuusukuma. Tumia maji ya mvua kweli. Maji ya kisima yenye chumvi huweza kuzuia wingu lisitokee ukadhani uko salama. Udongo huu hupatikana zaidi sehemu kame, kwenye miguu ya vilima, na ndio wenye vitundu vingi.

Ukishajua hivyo, punguza uzamaji wa maji karibu na kichwa, na uyatoe kwa upole yale yaliyokwisha kuzama. Usiache maji yatuame popote nyuma ya ukingo. Matundu na mashimo yafukuliwe hadi mwisho wake, kisha yajazwe udongo wenye mfinyanzi na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Kuziba mdomo tu kwa jiwe ni kuyatafutia maji njia ya pembeni. Kama glasi ilitoa wingu, changanya jasi kwenye udongo wa kujazia. Mguu wa ukuta unaolia uwekewe kokoto kwanza, mawe makubwa juu yake, ili maji yatoke na udongo ubaki. Juu, rudisha mimea ya kudumu inayokunywa sana: miti ya asili na vichaka nyuma ya ukingo, majani yenye mizizi mirefu karibu nao. Vetiva, aina ya majani ambayo mizizi yake hushuka mita 3 na zaidi, ni chaguo langu la kwanza ukingoni. Miti mirefu ukingoni kabisa siipendi. Ni mzigo, na upepo huitikisa hadi ikafungua nyufa.

Dalili: sakafu ya korongo ina ngazi, na ngazi hiyo inasogea juu kila mwaka

Shuka hadi mwisho wa korongo, linapoingia mtoni. Ukikuta kidato cha nusu mita au zaidi sakafuni, maji yakiruka kama kwenye kizingiti, tatizo linatoka chini. Kitanda cha mto kimeshuka, na kila mkondo unaokiingia unajichimba ili ukifikie. Sababu ya karibu zaidi siku hizi ni uchimbaji wa mchanga wa ujenzi. Nyingine ni kalvati lililowekwa juu mno upande wa kutokea.

Katika hali hii kufanya kazi kichwani ni kupoteza nguvu. Kidato kizuiliwe kwa ngazi ya mawe au gabioni (kikapu cha waya kilichojazwa mawe) iliyozikwa vizuri, yenye kitanda cha mawe mbele yake pa kuangukia maji, na uchotaji wa mchanga hapo usimame. Hilo la pili ni la kijiji kizima, si la mkulima mmoja.

Dalili: hakuna korongo moja, kilima kizima kimechanwa

Wakati mwingine hakuna mtaro wa kuulaumu. Mifereji ni mingi, midogo kwa mikubwa, na katikati yake ardhi ni ngumu na nyekundu, haina jani. Hapo kilima kimepoteza kifuniko chake, na tiba ya korongo moja moja haitoshi.

Mfano mkubwa tulio nao ni vilima vya Irangi, Kondoa. Makorongo ya huko yana historia ndefu. Baadhi ya udongo ulioshuka mabondeni ulianza kushuka karne nyingi kabla ya ukoloni, ila mifugo mingi, moto na kilimo vilikuja kuzidisha. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Walichimba makinga maji, wakapanda miti, wakafunga makorongo. Mwaka 1979 serikali ikachukua hatua nzito zaidi: mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Majani na vichaka vikarudi ndani ya miaka michache, penye miche na pasipo na miche. Baadaye ng'ombe wa maziwa wa kufugwa ndani waliruhusiwa, majani yakawa yanakatwa na kuletewa mnyama.

Sisemi kila kijiji kifukuze ng'ombe. Familia nyingi za Kondoa zililipa gharama kubwa kwa uamuzi ule. Ninachosema ni kwamba ardhi iliyopumzishwa ilijiponya kwa kasi ambayo jembe lisingeifikia. Kwa hiyo kama dalili yako ni hii, anza kwa kukubaliana na majirani kufunga kipande kimoja cha juu kwa misimu miwili au mitatu, bila kuchunga, bila moto, ukate majani na kubeba. Panda mkonge au minyaa kama uzio. Pesa za gabioni zisubiri kwanza.

Dalili: vizuizi vya mawe vilijengwa na vimebebwa

Kagua mambo manne kabla ya kulaumu mvua. Je, katikati ya kizuizi palikuwa chini kuliko pembeni? Kama pako sawa au pamevimba, maji yalikwenda pembeni yakakata kingo, na kizuizi kikabaki kimesimama peke yake au kikapinduka. Je, ncha zake ziliingia ndani ya kuta angalau nusu mita, na msingi wake ukazikwa? Je, mbele yake palitandikwa mawe ya kupokea maji? Na je, vilipangwa karibu kiasi gani? Kanuni ni kwamba mdomo wa kizuizi cha chini uwe usawa mmoja na mguu wa kizuizi cha juu yake. Sakafu ikishuka mita 1 kwa kila mita 10, vizuizi vya urefu wa mita 1 vikae mita 10 kwa 10. Vizuizi vifupi vingi vinashinda kimoja kirefu, kila mara.

Viroba vya mchanga huoza kwa jua, hivyo ni vya msimu mmoja. Taka za plastiki hazizuii chochote, zinakwenda tu kuziba kalvati la chini. Kizuizi kikishajaa mashapo, usikifukue. Panda mabingobingo (majani ya tembo) hapo hapo, maana ndipo palipo na udongo mzuri na unyevu.

Dalili: nyufa zinazofuata ukingo, karibu na nyumba

Ufa unaokwenda sambamba na ukingo unamaanisha pande lijalo limeshaamua kuondoka. Usijaze maji wala usiache mvua iingie humo. Ziba kwa udongo wa mfinyanzi, ushindilie, na uzuie watoto na mifugo. Kama ukuta una kina cha mita 5, mimi nisingelala kwenye nyumba iliyo ndani ya mita 10 kutoka ukingoni wakati wa masika, hata kama hakuna ufa. Na kama ufa umefika sakafuni mwa nyumba au milango imeanza kugoma kufunga, hama leo, kazi ya korongo itaendelea kiangazi, na mhandisi aitwe kabla ya jembe lolote kugusa hapo.

Baada ya mvua mbili au tatu kubwa, rudi kwenye vigingi vyako. Cha mita 2 kikiwa bado kipo na majani yameanza kutambaa kwenye kifusi mguuni mwa ukuta, ongeza vetiva kwenye mapengo na usawazishe ukingo uliochongoka ili ulale kidogo. Kikiwa kimekwenda na ulishughulikia maji ya juu peke yake, chukua glasi na maji ya mvua urudi kwenye ule mstari wa rangi.